Kirusi cha Karatasi ya Karanga

Benchi la kona ile zamani lilikuwa mlango wa ghala. Fundi wa kufuli aliuokota siku ghala lilipovunjwa, akaulaza juu ya matofali manane kati ya kibanda chake cha funguo na chumba cha kinyozi, na tundu la kitasa likabaki palepale pembeni, likimfinya kila mgeni anayeketi bila kutazama. Hapo ndipo Shangazi alipotua birika lake la kahawa kila asubuhi pamoja na sinia la karanga, na hapo ndipo mambo ya dunia yalipokatiwa rufaa: vita, mpira, ndoa za watu, bei ya saruji. Hakuna kesi iliyowahi kushindikana. Lakini asubuhi ile, saa tatu kasorobo, kesi ilikuwa ya kweli, ina hakimu wa kweli na mahabusu wa kweli, na mtu aliyetakiwa kuikabili alikuwa ameketi mwisho wa benchi anapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Mtu huyo ni fundi wa kufuli mwenyewe, jina lake la kijiweni Balozi. Jina alilipata kwa sababu ya Kirusi. Kwa miaka ishirini na mbili hakuna aliyekalia mlango ule asisimuliwe jinsi Balozi, enzi za ujana wake, alivyofanya kazi karakana moja na fundi wa Kirusi miezi minane mizima. “Asubuhi Kirusi, mchana Kirusi, jioni Kirusi,” ndivyo alivyokuwa akisema. “Nikawa naota Kirusi, mpaka mke wangu akadhani nina mafua.”

Na mdomo huponza kichwa. Jana alasiri ilifika barua yenye muhuri. Kuna fundi wa Kirusi aliyeletwa kufunga mitambo kwenye kiwanda cha sabuni, na leo ni siku yake ya nne rumande. Pampu ya maji ya kiwanda haionekani, na yeye ndiye wa mwisho kuonekana nayo mkononi. Mkalimani aliyekuja naye alikwisha kuondoka. Hakimu ameuliza mji mzima nani anajua Kirusi, na mji mzima umenyoosha kidole kwenye kona moja. Fundi wa kufuli afike mahakamani leo saa nne, ale kiapo, afasiri.

Sasa ukweli, aliokuwa akiujua Balozi na Mungu wake tu, ni kwamba yule Mrusi wa karakana alikuwa mtu wa kutenda, si mtu wa kusema. Balozi aliyakumbuka masharubu yake, aliikumbuka suruali yake yenye mifuko tisa. Kirusi chenyewe hakukumbuka hata chembe. Akikataa kwenda, ataketi wapi tena katika mji huu? Akienda na akakosea, mtu atafungwa kwa ulimi wake.

– Si watumie simu? – alisema Wembe, kinyozi, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake na taulo begani. – Simu siku hizi inafasiri mpaka ndoto.

– Hakimu kakataa, – alijibu Balozi. – Simu haiwezi kula kiapo.

– Kweli bwana. Simu ikisema uongo utaifunga miaka mingapi?

– Na utaifunga na chaja yake au bila chaja? – aliuliza Spika.

Spika alikuwa dalali wa viwanja. Aliitwa Spika kwa sababu ndiye aliyetoa nafasi ya kusema pale benchini, na tangu aanze kuitoa hajawahi kumpa mtu.

Shangazi alimtazama Balozi jicho la upande, kama anavyotazamwa mtoto aliyekataa chakula.

– Balozi, mwanangu, mbona kahawa inakushinda leo? Lugha si unaijua?

– Naijua sana, Shangazi. Ila lugha ni kama kitasa. Usipokitumia kinashika kutu. Kinataka mafuta kidogo tu.

– Basi mafuta ninayo.

Akaingiza mkono chini ya sinia, akatoa kitabu kisicho na jalada. Ni vile vitabu anavyonunua kwa kilo kwa wauza karatasi, anachana ukurasa, anausokota, anatia karanga. Balozi alikipokea, akakisogeza mbali na macho, na moyo wake ukaruka kama chura. Kushoto Kiswahili. Kulia Kirusi, kimeandikwa kwa herufi zetu hizi hizi ili hata mtu wa darasa la tano asipotee. Siku zote hizi amekula karanga juu ya wokovu wake asijue!

Kisha akaona kilikuwa chembamba mno. Kurasa mbili tu.

– Shangazi, zingine ziko wapi?

– Mmekula.

– Tumekula vipi?

– Mmekula karanga, karatasi mkatupa. Salamu ziliisha wiki iliyopita. Sokoni na Dukani aliondoka nazo yule wa magodoro. Hospitali iliisha jana, Spika alikula Hospitali mara mbili.

– Nilikuwa na njaa, – alisema Spika.

– Zimebaki zipi? – aliuliza Balozi.

Wembe, ambaye macho yake yalizoea nywele ndogondogo, aliinama akasoma kichwa cha habari.

– “Wahalifu na Wakosaji.”

Spika akapiga paja.

– Mungu si Athumani! Balozi, wewe unakwenda wapi leo? Sokoni? Hospitali? Unakwenda mahakamani! Kule utaulizwa bei ya vitunguu? Yaliyobaki ndiyo yanayotakiwa! Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na karanga.

– Na ulimwengu, – alisema Wembe.

– Ulimwengu una saa moja? Karanga zina saa moja. Soma!

Wembe akavuta kigoda, kiti cha kunyolea kikabaki kitupu, na darasa likaanza.

– La kwanza. Mwizi: *vor*.

– Vor, – alisema Balozi. – Hilo nalikumbuka vizuri kabisa.

– Mbona fupi hivi? – alishangaa Shangazi. – Mtu na wizi wake wote, silabi moja?

Spika alikuwa na jibu kabla ya swali, kama kawaida yake.

– Shangazi, hilo ni neno la kukimbizia. Sisi tunapiga kelele “mwi-zi!”, na tukifika kwenye “zi” mtu yuko juu ya ukuta. Wao, vor! Kashikwa. Ndiyo maana wahenga wakasema haraka haraka haina baraka.

– Hiyo inasema kinyume, – alisema Wembe.

– Kinyume kwa mwizi. Endelea.

– Muuaji: *ubiitsa*.

– Umeona? Huyo mrefu, maana anayekutana naye hana haraka tena.

Shangazi alicheka mpaka birika likatikisika. Balozi naye alicheka, cheko la kwanza tangu barua ifike, na kahawa ikapita kooni.

– Mwizi wa mfukoni: *karmanik*.

– Kari-manik, – alisema Balozi. Akalirudia, na ghafla uso wake ukanawiri. – Hebu ngojeni. Kari. Karimu! Si ndivyo wanavyofanya? Anakukumbatia, anakuuliza watoto hawajambo, anakupangusa vumbi begani. Mkarimu! Ukifika nyumbani pochi haipo. Karimu-nik!

– Kikulacho ki nguoni mwako, – alisema Spika.

– Leo methali yake imepata mwenyewe, – alisema Wembe. – Iandikwe tarehe. Linalofuata. Tapeli: *moshenik*.

– Moshi! – walisema Balozi na Spika kwa pamoja.

– Anakuuzia moshi, – alieleza Balozi. Sasa alikuwa amekaa wima, kikombe hewani. – Unalipa, unakumbatia, ukifungua mikono hamna kitu. Moshi-nik. Jamani, lugha hii nilikuwa nayo damuni!

– Hapo sasa, – alisema Wembe polepole, – tunaye mtu anayeuza viwanja kwenye bwawa.

– Kile kiwanja hakikuwa bwawa siku nilipokiuza.

– Kilikuwa nini?

– Kilikuwa kiangazi.

– Moshenik.

– Wembe, chunga ulimi. Nitakushtaki, na mkalimani ninaye hapa hapa.

Kufika hapo mteja mmoja alikuwa ameingia kwa kinyozi, akakaa kwenye kiti, akajifunga kitambaa shingoni mwenyewe na kungoja. Wembe alimwambia avumilie, serikali ina shida.

– Mvunja nyumba, – alisoma. – *Vzlom*… Hili neno halina mahali pa kushika. *Vzlomshik*.

– Vuzulomushiki, – alisema Balozi bila woga.

– Siyo.

– Mrusi mwenyewe alikuwa anasema hivyo. Na hawa muwaheshimu kidogo. Bila wavunja nyumba nani angekuja kwangu kununua kufuli? Mimi na vuzulomushiki tunakula sahani moja, ila hatunawi pamoja.

– Haya, anayefuata: mdanganyifu, *obmanshik*.

– Anakushika, – alisema Shangazi kabla ya wote, na wote wakamgeukia. – Eti nini? Si -shik? Anakushika akili.

– Shangazi naye ameingia chuo! – alishangilia Spika. – Sasa tulieni niwape sheria ya lugha hii nzima, mkaitumie mpaka mzeeke. Mwenye *nik* mwishoni anachukua mali. Mwenye *shik* mwishoni anakushika wewe mwenyewe. Basi. Hakuna lingine katika Kirusi.

– Na *vor*? – aliuliza Wembe. – Hana nik, hana shik.

– Huyo bado mwanafunzi.

– Haya, pikiniki.

– Pikiniki! – Spika alinyanyuka kabisa. – Pikiniki ni nini? Watu wanakwenda kukaa kwenye majani, na kila mmoja anakula chakula alichobeba mwenzake. Umewahi kuona pikiniki ambayo vijiko vinarudi vyote?

– Kliniki.

– Umewahi kutoka kliniki na mfuko wako mzima?

– Makanika!

– Kaliulize gari langu!

Hapo hata yule mteja aliyefungwa kitambaa alicheka ndani, na Wembe alishindwa kuendelea kusoma, akajipangusa macho kwa taulo la biashara. Balozi hakucheka. Balozi alikuwa anameza. Kila neno lilikuwa linaingia na kukaa mahali pake kama pini ndani ya kitasa, na aliona tayari jinsi atakavyosimama mahakamani, mikono nyuma, na kumwambia hakimu: mheshimiwa, nimesikia nik. Hata neno asilolijua litamfikia likiwa limevaa mkia wake.

– La pili kutoka mwisho, – alisema Wembe. – Mhalifu kwa jumla: *prestupnik*. Na kuna maandishi madogo chini. “Asili yake: aliyepitisha hatua.”

– Aliyepitisha hatua wapi? – aliuliza Shangazi.

– Mstari. Kuna mstari, yeye kakanyaga ng’ambo.

– Mstari uko wapi?

– Haukuandikwa.

– Sasa mtu atajuaje amefika?

– Atajua akishikwa, – alisema Spika. – Kwao kuna theluji, Shangazi, nyayo zinaonekana. Ndiyo maana wakasema siku za mwizi ni arobaini. Lakini kule jua linazama saa nane mchana, siku ni nusu. Mwizi wa kwao anapewa themanini.

– Huyu ametumia nne, – alisema Wembe. – Bado sabini na sita.

– Prestupnik, – alikuwa anasema Balozi peke yake, kama anayeonja. – Pre-stup-nik. Mheshimiwa hakimu, prestupnik.

– La mwisho: mhuni, *huligan*.

Spika akainua mkono wa kunyamazisha bunge.

– Hapo! Hapo ndipo nilipokuwa nangoja. Sikilizeni vizuri, maana hili hata vyuoni hawalisemi. Hu-li-gan. Hiyo *hu* mwanzoni ni ya nani? Si yetu? Hulala, hupika, huiba. Jambo la mazoea. Mhuni ni mtu wa mazoea! Na *ubiitsa* je? Ubishi! Ubishi huua, tunasema kila siku. Karimu, moshi, shika, ubishi, hu. Jamani, mbona hamuoni? Kirusi ni Kiswahili kilichopigwa na baridi! Watu walihama zamani na lugha yao, wakafika kwenye barafu, midomo ikakakamaa, maneno yakaanza kukatika miisho. Mwizi akafungua mdomo kusema jina lake, likatoka *vor*!

Wembe alitaka kubisha. Alifungua mdomo, akaitazama karatasi, akaona moshi, akaona karimu, akaufunga.

– Kwa kweli, – alisema, – leo huyu mtu ana ushahidi.

– Kwa hiyo mimi nimezungumza Kirusi maisha yangu yote, – alisema Shangazi.

– Ukiwa na homa, ndiyo.

Balozi alisimama, akanyoosha shati. Kifua kilikuwa kimerudi mahali pake. Kama ni Kiswahili kilichoganda, basi kazi ya mkalimani ni nini? Ni kukipasha moto tu. Na yeye ni fundi. Amepasha moto vitu vigumu kuliko hivyo.

Saa nne kasorobo akatokea mwanamke kijana, faili la kijani kwapani, viatu vyake vina vumbi la njia ndefu. Alikuwa karani wa mahakama.

– Shikamooni.

– Marahaba, binti. Karibu kahawa, – alisema Shangazi.

– Ahsante Shangazi, ningekunywa, lakini hakimu wetu saa yake haisubiri. Fundi wa kufuli ni yupi?

– Ndiye huyu, – alisema Spika. – Na ufundi wa kufuli ni wa kujishikizia tu. Mtu mwenyewe ni wa lugha.

Balozi aliinamisha kichwa kwa adabu.

– Prestupnik, – alisema.

– Ndiyo salamu yao?

– Ni istilahi ya kimahakama, binti.

Karani alimtazama kidogo, akafungua faili, akatoa fomu moja na kuiweka juu ya jalada.

– Sawa, baba. Kabla ya kiapo hakimu ameagiza jambo moja. Hataki kumlisha mtu kiapo kisha lugha isiwepo. Utafasiri maneno haya hapa hapa, mimi nayaandika, hakimu anayasoma, ndipo unaingia. Ni maneno ya mshtakiwa mwenyewe.

– Ni mengi?

– Hapana. Ndilo linalotusumbua. Tangu siku ya kwanza anasema hayo hayo. Ukimuuliza jina, anasema hayo. Akiletewa chakula, hayo. Jana alikuwa anayasema huku amegeukia ukuta. Askari wa zamu ameyaandika kama alivyoyasikia. – Akakunjua kikaratasi. – “Ya ni vor.”

Spika akaruka juu kama aliyekalia lile tundu.

– Vor! Amesema vor!

– Vor ni mwizi, – alisema Wembe, akiipiga karatasi ya karanga kwa kidole. – La kwanza kabisa, hili hapa.

– Na *ni* ni *ni*! Nimewaambia au sikuwaambia? Lugha moja!

– Na *ya*?

– Yaani! – alisema Spika. – Imekatika kwa baridi. Yaani, ni mwizi. Mtu amekiri siku nne zilizopita na ninyi mnamtafutia mkalimani!

– Hata mimi nimeelewa, – alisema Wembe kwa mshangao, – na mimi Kirusi sikijui.

Balozi alihisi raha iliyompanda kutoka nyayoni. Kwa mara ya kwanza maishani mwake amesikia Kirusi na kukielewa chote, mwanzo hadi mwisho. Miaka ishirini na mbili ya kusema, na leo si uongo tena.

– Andika, binti, – alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuandikiwa. – Yaani, ni mwizi.

Karani alifungua kalamu, akaishusha kwenye fomu. Akaandika *Yaa*. Kalamu ikasimama.

– Samahani, baba, swali dogo tu. Huyu mtu anajua Kiswahili?

– Hata neno moja hajui. Angekijua mngeniitia nini?

– Ndiyo nashangaa. Sasa hiyo “ni” ameitoa wapi?

Swali lilikuwa dogo kama alivyosema. Wembe aliigeuza karatasi, akasoma nyuma, akaigeuza tena. Wahalifu wote walikuwepo, “ni” haikuwepo. Shangazi alishika birika hewani bila kumimina. Spika alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lake akawaachia wengine nafasi.

Balozi aliitazama ile kalamu. Ni. Ni vor. Na kutoka mahali asipopajua, mbali sana chini ya miaka, akasikia sauti nzito ya mtu mwenye masharubu ikisema: *ni tak*.

Ilikuwa juma lake la kwanza karakanani. Ufunguo wa shaba umebanwa kwenye jiriwa, yeye na tupa mkononi anakereza, na yule Mrusi akaja, akatazama, akainua kidole. “Ni tak.” Kijana Balozi akasikia *ni*, akafurahi: ni, ndiyo, nipo sawa! Akakereza kwa nguvu zaidi. “Ni tak, ni tak!” Akakereza zaidi, jasho likamtoka kwa furaha ya kusifiwa, mpaka ufunguo ukabaki kama kijiti cha meno. Yule mzee akamnyang’anya tupa, akajipiga kifuani, “ya!”, akachukua ufunguo mpya, akakereza mwenyewe taratibu, akautia kwenye kufuli, ukazunguka. “Tak,” akasema. Kesho yake tena kidole, tena “ni tak”. Siku ya sita ndipo Balozi alipong’amua. Hajawahi kuisimulia hadithi hiyo kijiweni. Funguo kumi na moja zilizoharibika hazimfanyi mtu kuwa balozi.

– Usiandike! – alipiga kelele, na kiganja chake kikatua juu ya fomu, kalamu ikachora mstari mpaka ukingoni.

– Baba!

– Kata hayo. Kata yote. “Ni” yao ni “si” yetu.

– Balozi, usituchanganye, – alisema Spika. – Karatasi inasema…

– Karatasi haina “ni”, Spika. Ninayo mimi. Niliharibu funguo kumi na moja kuipata. Kila nilipokosea yule mtu aliniambia “ni tak”. Si hivyo. Nikidhani ananisifu! Nikipatia anasema “tak”, basi. Na akitaka kufanya mwenyewe anajipiga hapa, – Balozi akajipiga kifuani, kweli kweli, kikalia, – “ya”. Mimi.

Wembe alianza kuhesabu kwa vidole vya mkono ulioshika taulo.

– Ya, mimi. Ni, si. Vor… Kwa hiyo siku nne hizi mtu huyu anasema…

– Mimi si mwizi.

Shangazi akalishusha birika chini.

– Na akiletewa chakula anasema hivyo, – alisema taratibu. – Na amegeukia ukuta anasema hivyo. Na askari amesimama pale anasikia “ni mwizi”.

Karani alikata mstari juu ya *Yaa*, akaandika upya kwa herufi za kusimama, akampa Balozi asome. Balozi alisoma mara mbili, akaridhia kwa kichwa.

– Bado sehemu moja, – alisema karani. – “Uzoefu wa mkalimani katika lugha.” Mjini nimeambiwa miezi minane, unakisema kama maji. Niandike fasaha?

Wote watatu walimtazama. Spika alimkonyeza: andika fasaha, nani atajua? Balozi alipangusa maganda ya karanga kwenye suruali, akaingia kibandani, akatoka na koti lake, akalivaa vifungo vyote.

– Andika maneno matatu.

– Matatu?

– Mengine hakimu amtafute mwenye nayo, hata kama ni mji wa mbali. Haya matatu mimi nitayaapia.

– Jamani, baba, mtu ataweza kujitetea kwa maneno matatu?

– Yule leo ni siku ya nne, – alisema Balozi, akishika njia ya mahakamani, – na bado hajahitaji la nne.